Namba Aliyotuachia Dewey

Kwenye maktaba zetu za umma, kila kitabu kina kijikaratasi chenye namba mgongoni. Wengi wetu tunaichukulia kama namba ya nyumba tu: inaonyesha kitabu kinakaa wapi, basi. Mimi nasoma ualimu, nina miaka 22, na kilichonifanya nimfuatilie mwenye namba hiyo ni umri wake. Wazo lilipomjia alikuwa mwanachuo kama sisi, miaka 21.

Melvil Dewey alizaliwa tarehe 10 Desemba 1851 huko Adams Center, jimbo la New York, Marekani. Mwaka 1870 alijiunga na chuo cha Amherst, na kwa kuwa hela ilikuwa ngumu (hapo tunaelewana), akapata kibarua maktabani.

Zama zile maktaba nyingi ziliipa namba rafu, siyo mada. Kitabu cha tatu cha rafu ya tano kilibaki hapohapo. Vikija vipya, rafu zikajaa, watu walianza kuandika namba upya. Dewey alikuwa mtu wa kuchukia kupoteza muda kupita kiasi. Hata tahajia ya jina lake, Melville, aliipunguza. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba jibu lilimjia Jumapili moja mwaka 1873, akiwa kanisani katikati ya mahubiri marefu.

Jibu lilikuwa hili: namba ipewe mada. Aliyagawa maarifa yote katika makundi 10, kila kundi sehemu 10, kila sehemu vipande 10. Ukitaka kuingia ndani zaidi unaweka nukta na kuendelea. Elimu ni 370, historia ya Tanzania ni 967.8. Mwaka 1876 akauchapisha mfumo huo katika kijitabu cha kurasa 44.

Sasa wewe umemaliza mitihani, desa umelitupa pembeni, unataka kitu cha kusoma kwa raha zako. Chukua kitabu kimoja kilichowahi kukukolea. Kitafute kwenye katalogi, iwe ya kadi au ya kompyuta, kwa jina la mwandishi au la kitabu. Usikimbilie rafuni. Soma kwanza vitu viwili: namba, na mada ambazo mkutubi ameziandika. Tafuta tena, safari hii kwa mada hizo, uone nani mwingine kaandika. Halafu nenda kwenye namba yenyewe, uangalie vitabu kumi kushoto na kumi kulia. Wale ni ndugu wa kile ulichokipenda. Utakuta kimoja ambacho hakuna mhadhiri aliyewahi kukitaja. Ila riwaya, maktaba nyingi huzitenga na kuzipanga kwa majina ya waandishi, kwa hiyo huko tegemea zaidi mada za kwenye katalogi.

Turudi kwa Dewey. Mwaka 1876 huohuo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wakutubi wa Marekani. Mwaka 1883 alichukua maktaba ya chuo cha Columbia, na 1887 akafungua shule ya ukutubi. Wakuu wa chuo hawakutaka wanawake. Yeye akawapokea: kati ya wanafunzi 20 wa kwanza, 17 walikuwa wanawake.

Ningependa kuishia hapo, lakini ningekuwa nakudanganya. Klabu yake ya mapumziko kule Lake Placid iliwafungia mlango Wayahudi na watu weusi. Viongozi wa Kiyahudi walilalamika, na mwaka 1905 akajiuzulu ukutubi mkuu wa jimbo la New York. Mwaka huohuo, katika safari ya wakutubi kwenda Alaska, aliwasumbua wanawake wenzake wa kazi kwa kuwagusa bila ridhaa. Wanawake aliowafungulia mlango ndio haohao waliolazimika kujikinga naye. Alifariki tarehe 26 Desemba 1931. Mwaka 2019 chama alichokianzisha kililiondoa jina lake kwenye medali yake kubwa.

Je, tuutupe na mfumo? Mimi nasema hapana, lakini tuusome kwa macho mawili. Angalia 200, kundi la dini: Ukristo ulipewa karibu kundi zima, Uislamu ukabanwa kwenye 297. Fasihi ya Kiingereza ina 820 nzima. Ya Kiswahili iko 896.392, mkiani kabisa mwa 800. Mtu anayetembea rafuni kuanzia mwanzo anachoka kabla hajaifikia, halafu anasema maktaba haina vitabu vya Kiswahili. Vipo. Iandike hiyo namba kwenye daftari lako, uanzie huko.

Tena sisi wa ualimu jambo hili linatuhusu mara mbili. Wengine tutapangiwa shule ambako maktaba ni kabati moja lenye kufuli, na funguo atapewa mwalimu mgeni. Siku hiyo wewe ndiye utakayeamua kitabu gani kikae jirani na kipi, na mwanafunzi aone nini kwanza akifungua mlango. Mfumo wenyewe unaruhusu maktaba kuipa fasihi ya kwao nafasi ya mbele. Tuitumie ruhusa hiyo.