William Henry Jackson

William Henry Jackson (4 Aprili 1843 – 30 Juni 1942) alikuwa mpiga picha na mchoraji kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa picha zake za milima na reli za magharibi mwa nchi hiyo.

Alizaliwa Keeseville, jimbo la New York. Mwaka 1869 alipiga picha kando ya reli ya Union Pacific. Wakati ule kioo cha picha kilipaswa kusafishwa kabla hakijakauka, hivyo alipanda milimani na nyumbu waliobeba vioo, dawa na hema la giza. Picha zake za Yellowstone za mwaka 1871 zilisaidia kulishawishi Bunge kuifanya hifadhi ya taifa mwaka 1872.

Mwaka 1879 alifungua studio mjini Denver, akapiga picha za reli ya Denver and Rio Grande katika milima ya Rocky. Mwaka 1897 alijiunga na kampuni ya Detroit iliyochapa picha zake kwa rangi na kuziuza. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 1924, lakini vioo vyake vingi viliokolewa. Leo vimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani na huko Colorado, na nakala za zamani bado hutafutwa na wakusanyaji.

Alifariki mjini New York akiwa na umri wa miaka 99, akazikwa Arlington.