Mbarak Ali Hinawy: Liwali wa Sultani aliyelipwa na Waingereza

MTU anayetoka Fort Jesus na kuingia Mji wa Kale wa Mombasa hupita katika barabara ya Mbarak Hinawy. Jina hilo limezoeleka mno, hata ni rahisi kusahau kwamba mwenyewe alikuwa mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar katika ardhi ambayo leo ni Kenya.

Mbarak Ali Hinawy alizaliwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka uliotangulia, Desemba 14, 1895, Uingereza na Sultani Hamad bin Thuwaini walikuwa wametia saini mkataba ambao ungekuja kutawala maisha yake yote. Kwa mkataba huo, ukanda wa pwani wa maili kumi kutoka baharini uliwekwa chini ya utawala wa Waingereza kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na riba ya asilimia 3 ya pauni 200,000. Utawala ukawa wa Mwingereza, enzi ikabaki ya Sultani. Bendera nyekundu ya Zanzibar iliendelea kupepea juu ya Fort Jesus, na chini yake, ndani ya kuta zile zile, Waingereza wakaweka jela.

Aliyesimama kati ya pande hizo mbili ni liwali. Wadhifa huo ulikuwa umeshikwa na watu mashuhuri, akiwemo Salim bin Khalfan na baadaye mwanawe, Ali bin Salim. Mbarak alifanywa Liwali wa Mombasa mwaka 1937, kisha Liwali wa Pwani nzima mwaka 1941.

Ulikuwa uwakilishi wa namna ya peke yake. Katika miaka ya 1930, Japani nayo ilikuwa na konseli Mombasa, wakati nguo zake za pamba zilipokuwa zikiuzwa kwa wingi Afrika Mashariki. Huyo alitumwa na serikali yake na kulipwa nayo, na vita vilipozuka kati ya Japani na Uingereza Desemba 1941, hapakuwa tena na nafasi yake. Miezi michache baadaye, manowari za Uingereza zilizofukuzwa Ceylon na mashambulizi ya Wajapani zilihamia Kilindini, na katika shule ya Allidina Visram wataalamu wa Kiingereza wakaketi kufumbua maandishi ya siri ya meli za Japani. Liwali hakuwa na ubalozi wa kufunga wala serikali ya kumwita nyumbani. Nyumbani kwake kulikuwa hapo hapo Mombasa, na mshahara wake ulitoka katika hazina ya serikali ya kikoloni. Yeye, mamudiri na makadhi walikuwa maofisa wa Sultani kwa jina. Kwa riziki, walikuwa maofisa wa Mwingereza.

Haikosi kushangaza, basi, kwamba mtu huyu alichagua kuandika maisha ya ofisa wa Sultani aliyeasi. Kitabu chake kuhusu Al-Akida na Fort Jesus kilichapishwa mwaka 1950. Kinamhusu Muhammad bin Abdallah Bakhashweni, akida wa ngome hiyo, aliyekaidi amri ya Seyyid Barghash hadi Januari 1875, manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, zilipoipiga ngome kwa mizinga na kumlazimisha asalimu amri. Mbarak alikusanya pia nyimbo na mashairi ya zama hizo, yasije yakapotea pamoja na wazee waliokuwa wameyahifadhi vifuani. Alimsaidia vilevile mtafiti William Hichens katika kazi yake ya ushairi wa Kiswahili. Huenda hiyo ndiyo sehemu ya kazi yake iliyodumu kuliko hukumu na nyaraka zote za baraza lake.

Si wote walioutazama uliwali kwa jicho la heshima. Kwa Waswahili wengi wa Thenashara Taifa, huo ulikuwa wadhifa wa familia za Kiomani, na mgawanyo wa kikoloni kati ya Mwarabu na asiyekuwa Mwarabu ulizidisha uchungu. Kwa watu wa bara waliokuwa wakidai uhuru, bendera ile nyekundu ilikuwa kitendawili kisichovumilika.

Mbarak alifariki dunia mwaka 1959, mwaka mmoja baada ya ngome kuacha kuwa jela. Hakuyaona mabishano makali ya Mwambao, wala Tume ya Robertson ya mwaka 1961 iliyopendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya. Oktoba 8, 1963, jijini London, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walikubaliana kwamba Sultani aache dai lake. Desemba 12 Kenya ikapata uhuru, pwani ikiwa ndani yake. Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, Sultani Jamshid alipinduliwa Zanzibar.

Uliwali ulifutwa. Makadhi walibaki, na mahakama zao zimo katika Katiba ya Kenya hadi leo.