Walpole: Waziri aliyenunua kura kwa kuwaajiri wana wa wakubwa

Mwanzoni mwa 1738, kijana wa miaka 20 aliyekuwa angali mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Cambridge alikabidhiwa wadhifa katika Hazina ya Uingereza. Jukumu lake lilikuwa kuhakikisha kwamba maafisa hawakosi karatasi, wino, kalamu, nta na makasi. Hakutakiwa kubeba hata kalamu moja, kwani naibu wake ndiye aliyehangaika. Yeye alipokea faida, na akaendelea kuipokea hadi alipofariki mnamo 1797. Jina lake lilikuwa Horace Walpole, na aliyempa ulaji huo ni babake mzazi, Sir Robert Walpole.

Mzee huyo ndiye anayehesabiwa na wanahistoria kuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uingereza, ijapokuwa enzi hizo jina hilo lilitumiwa na mahasimu wake kumkejeli. Aliongoza serikali tangu 1721 hadi 1742, na hakuna aliyemfuata ambaye ameufikia muda huo. Cheo ambacho Kenya ilikuwa nacho baina ya 1963 na 1964, na tena baina ya 2008 na 2013, asili yake ya mbali ni kiti cha bwana huyu.

Alizaliwa Houghton, katika jimbo la Norfolk, tarehe 26 Agosti 1676. Awali alikusudiwa kuwa kasisi, lakini kaka zake wakubwa walipofariki, urithi ukamwangukia yeye. Babake alikuwa mbunge. Alipoaga dunia mnamo 1700, mwana alirithi mashamba, madeni na, mwaka uliofuata, kiti cha bungeni pia.

Ufisadi ulimtia doa mapema. Akiwa na dhamana ya masuala ya jeshi, alishtakiwa bungeni kuhusu kandarasi za lishe ya farasi wa jeshi huko Scotland. Mnamo Januari 1712, wapinzani wake waliokuwa wengi bungeni walimpata na hatia, wakamfukuza na kumfunga katika ngome ya London kwa takriban miezi sita. Utetezi wake ulikuwa kwamba fedha hizo hazikuwa zake, bali fungu alilomtengea rafiki yake katika kandarasi hiyo. Yaelekea hakuona ubaya wowote wa kumtengea rafiki fungu. Alipotoka kizuizini alikuwa shujaa machoni pa wafuasi wake.

Kuporomoka kwa hisa za Kampuni ya South Sea mnamo 1720 ndiko kulikomfungulia mlango. Maelfu ya watu walifilisika, mawaziri wakaumbuka, naye akaitwa kuituliza nchi. Kuanzia hapo Hazina ikawa mikononi mwake, na pamoja na Hazina, nafasi za kazi zilizokuwa chini yake.

Msomaji asidhani kwamba mlungula wa Walpole ulikuwa mabunda ya fedha yaliyopitishwa chini ya meza. Fedha za siri zilikuwapo, ndiyo, lakini fedha huliwa zikaisha. Kazi haiishi. Mbunge aliyeyumbayumba angeweza kupatiwa nafasi ya mwanawe katika forodha, ya mpwawe katika jeshi, au ya shemejiye katika ukusanyaji ushuru. Aliyekuwa na ndugu kasisi alitazamia parokia yenye mapato mazuri. Maaskofu nao, ambao walikuwa na viti katika Bunge la Malodi, walijua kwamba kuhamishwa hadi dayosisi yenye utajiri kulitegemea namna walivyopiga kura. Kule Scotland, Bwana wa Ilay aligawa nafasi kwa niaba ya serikali, na wabunge 45 wa huko wengi wao wakaimba wimbo mmoja. Mkono mtupu haulambwi. Uzuri wa hongo ya aina hii, kwa mtoaji, ni kwamba ilihitaji kulipiwa shukrani kila mwaka, maana aliyemwajiri kijana aliweza pia kumfuta.

Nyumbani kwake hakujisahau. Mwanawe wa kwanza, Robert, alipewa wadhifa mnono wa Hazina mwaka ule ule wa 1721. Alipopandishwa mnamo 1739, nafasi aliyoiacha ilimwendea mdogo wake, Edward. Kakaye waziri, Horatio, alikuwa balozi Paris, na Galfridus akawa mmoja wa wasimamizi wakuu wa posta.

Waliokaidi walikiona cha mtema kuni. Mnamo 1733 mpango wake wa kutoza ushuru mvinyo na tumbaku ulizua ghasia, akalazimika kuuondoa. Hapo ndipo alipowageukia malodi waliompinga: Chesterfield akapoteza cheo katika kasri ya mfalme, Cobham na Bolton wakanyang'anywa vikosi vyao vya jeshi.

Haki isemwe. Kwa takriban miongo miwili aliiepusha nchi yake na vita vikubwa, na kodi ya ardhi ikashuka. Lakini vita dhidi ya Uhispania vilimshinda nguvu mnamo 1739, na katika uchaguzi wa 1741 ngome zake za Scotland na Cornwall zikabomoka. Alijiuzulu Februari 1742, akapewa hadhi ya Bwana wa Orford.

Bunge liliunda kamati ya kuchunguza miaka yake kumi ya mwisho. Kamati iligundua kwamba zaidi ya pauni 50,000 zilikuwa zimelipwa waandishi na wachapishaji wa magazeti (sisi wa taaluma hii tuinamishe vichwa). Ilipotaka kujua ya wabunge, iligonga mwamba. Wakili wa Hazina, Nicholas Paxton, alikataa kujibu akatupwa katika gereza la Newgate. Hata hivyo hakufungua kinywa. Katibu wa Hazina, John Scrope, mzee wa miaka mingi, naye alinyamaza, na akabaki na kazi yake hadi kufa kwake mnamo 1752. Mswada wa kuwakinga mashahidi ulipita katika Bunge la Makabwela, ukauawa na malodi. Naye Samuel Sandys, ambaye mwaka uliotangulia ndiye aliyewasilisha hoja ya kumng'oa Walpole, tayari alikuwa ameketi kwenye kiti cha waziri wa fedha.

Walpole alifariki tarehe 18 Machi 1745, bila kushtakiwa tena, akiacha kasri la fahari na madeni. Mnamo 1779 mjukuu wake aliuza michoro yake mashuhuri kwa Malkia Catherine wa Urusi. Wakati huo Horace, sasa mwandishi wa sifa, alikuwa katika jumba lake la Strawberry Hill, na Hazina ilikuwa ingali inamlipa kwa karatasi na nta.