Tata Raphaël: padri mwenye alitoa kabumbu ku masomo na kuipeleka mu uwanja mukubwa

Wapenzi wa kabumbu wa Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia wanajua jina la uwanja Tata Raphaël wa Kinshasa. Wengi wanajua pia kama ni pale, tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alimupiga George Foreman. Lakini Tata Raphaël mwenyewe alikuwa nani?

Jina lake kamili ni Raphaël de la Kethulle de Ryhove. Alizaliwa Ubelgiji mwaka 1890, katika jamaa ya watu wa cheo. Akaingia shirika la mapadri wa Scheut, na mwaka 1917 akafika Kongo. Alitumwa ku kazi ya masomo katika muji wa Léopoldville, wenye leo tunaita Kinshasa.

Kwake yeye, kazi ya mwalimu haikuisha wakati kengele inalia. Kisha masomo, vijana walienda mu uwanja: kabumbu, mazoezi ya mwili, skauti. Mwaka 1919 alianzisha shirika la michezo la Wakongo, na kidogo kidogo ma-ekipe ya mitaa yakaanza kupambana kwa mupango. Wachezaji wengi walicheza miguu tupu.

Mwaka 1925 aliunganisha wanafunzi wa zamani katika shirika lenye liliitwa ADAPES. Mwaka 1936 ikazaliwa Daring, ile ekipe yenye leo ni DC Motema Pembe. Mwaka wenye kufuata, uwanja wa Reine Astrid ukafunguliwa. Na mwaka 1952 akapata uwanja mukubwa zaidi, Roi Baudouin.

Hata hivyo, yote hayo yalifanyika chini ya ukoloni. Wazungu walikuwa na mashindano yao, na Wakongo yao. Wakoloni walipenda vijana wakimbize mupira kuliko kuzungumza siasa. Lakini ku ekipe na ku ADAPES, vijana walijifunza kuchagua viongozi, kufanya mikutano na kusimamia mambo yao. Jean Bolikango, mwenye aliongoza ADAPES, alikuja kuwa mwanasiasa mukubwa.

Tata Raphaël alifariki mwaka 1956, hakuona uhuru. Tarehe 4 Januari 1959, watu wenye walitoka kuangalia mechi ku uwanja wake walijiunga na wafuasi wa ABAKO katika fujo zenye zilitikisa utawala wa Ubelgiji. Mwaka mumoja na nusu kisha, Kongo ikawa huru.

Wakati wa Mobutu uwanja uliitwa 20 Mai. Kisha utawala wake kuanguka, ukapewa jina la yule padri. “Tata” kwa Lingala ni baba, na ni vile vijana wa Kinshasa walimuita.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Lubumbashi, mwaka 1939, mapadri Wabenedikto wa masomo ya Saint-Boniface waliundia wanafunzi wao ekipe. Leo inaitwa TP Mazembe. Njo maana, wakati mwalimu wa mutaa anabaki saa kumi na watoto na mupira mumoja wa kuchakaa, kazi yake isizarauliwe. Ekipe kubwa za inchi hii zilianza vile.