Marehemu Joginder Singh, Fundi wa Kericho

Ndugu zangu wanafunzi wa zamani, mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututoka, akaniachia uhuru wa kuchagua. Wenzangu, bila shaka, watawaleta viongozi wa siasa na maaskofu. Mimi nimemchagua fundi wa magari. Hakupata kukanyaga shule yetu, lakini kazi yake twaiona kila siku barabarani, na hapana budi nieleze kwanza ni kwa namna gani.

Sisi tuliokuwa vijana wilayani Ngara mwaka 1994 tulifundishwa jambo moja kuhusu magari ambalo halikuwamo katika silabasi. Wakimbizi wa Rwanda walipovuka Rusumo mwezi Aprili, mashirika ya misaada yalifuata, na barabara zetu zikajaa Land Cruiser nyeupe zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Tuliona, tukaamini: gari lisilovuta kwa magurudumu manne halifai katika nchi ya milima. Leo pita Nyamiaga wakati wa masika. Utakuta Corolla kuukuu na Probox, nyingi zikivuta kwa magurudumu mawili tu, zimeinuliwa kwa spesa, zimefungwa springi ngumu na bamba la chuma chini ya injini, zinapanda mlima kwenye utelezi na abiria ambao idadi yao, mimi nikiwa mtumishi wa Serikali, sitaitaja hapa. Vijana wanaozitengeneza hawakuanza wao. Kazi hiyo ina wazee wake katika Afrika Mashariki, na kwa maoni yangu mkubwa wao ni Joginder Singh.

Alizaliwa Kericho, Kenya, tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Singasinga aliyetoka Punjab, alikuwa na gereji, na kijana akakulia ndani yake. Alishika spana kwanza, usukani baadaye, na utaratibu huo ndio uliomtofautisha na madereva wengi waliokuja kushindana naye. Mnamo mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki kuwa mtu wao wa kwanza wa doria, yaani wa kuzunguka barabarani akiwaokoa waliokwama. Fikiria, ndugu msomaji, kazi ya namna hiyo inamfundisha mtu nini. Dereva wa kawaida hujua gari lake moja tu. Mtu wa doria huona magari ya kila aina siku yalipovunjika, na huona kilichovunjika ni nini: springi, shokapu, tangi la mafuta lililotobolewa na jiwe, maji yaliyoingia kwenye distribiuta.

Mwaka huohuo alianza kushindana, akiwa na miaka 26, umri ambao wengine huona wamechelewa. Mwaka 1959 aliingia kwa mara ya kwanza katika Safari, yale mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kukimbiwa wakati wa Pasaka, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Pasaka, kama tujuavyo, ni masika. Zilikuwa kilomita kama 5,000 za vumbi, mawe na matope, mchana na usiku. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968 yalimaliza magari saba tu.

Na magari yenyewe yalikuwa yapi? Volkswagen ya kobe, Ford, Peugeot 404; yaani magari ya walimu na ya wauza duka. Hakuna hata moja lililovuta kwa magurudumu manne. Ubingwa ulitegemea matayarisho. Mafundi waliongeza welding kwenye maungio ya bodi ili isipasuke, wakabadili springi na shokapu, wakakinga sampu kwa bamba nene, wakapaka grisi sehemu za umeme zisiingie maji. Penye mto wenye kina, mkanda wa feni ulifunguliwa ili feni isirushie injini maji. Ndani ya buti kulikuwa na chepe, kamba, jeki, minyororo ya tairi na tairi za akiba. Ufundi nilioupenda kuliko wote ni wa bei ndogo kabisa: nyuma ya gari hufungwa vishikio na mahali pa kukanyaga, na gari linapoanza kuteleza dereva mwenza hurukia nyuma akaning'inia hapo, ili uzito wake ukandamize magurudumu yanayosukuma. Kondakta wetu wa njia ya Rulenge hahitaji kuelezwa jambo hilo.

Basi tufike mwaka 1965. Gari alilopata Joginder lilikuwa Volvo PV544, gari la mgongo wa kobe ambalo umbo lake lilitokana na gari lililooneshwa Sweden mwaka 1944, na ambalo kiwanda kiliacha kuliunda mwaka huohuo wa 1965. Tena halikuwa jipya. Lilikwisha kimbia Safari ya 1964 mikononi mwa Mswidi Tom Trana, bingwa wa Ulaya wa wakati ule, likashindwa, likabaki Afrika Mashariki. Kwa lugha ya leo, gari la mtumba. Joginder alilitayarisha upya, akaketi na ndugu yake Jaswant upande wa pili, likiwa na namba 1 ubavuni. Wakatangulia kuondoka na wakawa washindi, wakimwacha wa pili kwa zaidi ya saa moja na nusu. Katika mashindano ya magari, ambako watu hugombania dakika, pengo la namna hiyo si la mguu mzito tu. Ni la mtu ambaye gari lake halikusimama wakati ya wenzake yamesimama.

Hapo kuna jambo linalohitaji kusemwa bila woga. Kenya ilikuwa imepata uhuru Desemba 1963. Swali la Wahindi waliozaliwa huku, kwamba ni wa hapa au ni wapitaji, lilikuwa moto katika nchi zetu zote, na mwaka 1972 Uganda ililijibu kwa kuwafukuza. Joginder alikuwa dereva wa kwanza asiye Mzungu kushinda Safari, na watu waliojipanga kando ya barabara, wengi wao wasio na baiskeli, walimpa jina la Simba. Jina lake likawa neno: dereva aliyekimbia kupita kiasi aliulizwa kama anajidhani ni Joginder. Mimi naona watu wale walikuwa wamejibu lile swali kwa namna yao, kabla ya serikali.

Alirudi kileleni mwaka 1974, akiwa na miaka 42, akiendesha Mitsubishi Lancer ya injini ya lita 1.6 pamoja na David Doig. Mvua ilikuwa kubwa mno mwaka ule. Nyuma yake alimaliza Björn Waldegård wa Sweden akiwa na Porsche 911, gari lenye nguvu na bei kubwa kuliko lile la Joginder. Mwaka 1976 akashinda tena kwa Lancer, na Lancer nyingine mbili zikashika nafasi ya pili na ya tatu. Akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Lakini hesabu ninayoiheshimu mimi ni nyingine. Kati ya 1959 na 1980 aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Katika mashindano ambayo kwa kawaida magari mengi huachwa porini, hiyo ndiyo sifa ya fundi.

Aliacha Safari mwaka 1980, na mwaka uliofuata Audi Quattro ya magurudumu manne iliingia katika ubingwa wa dunia. Hata hivyo Safari ilichelewa kunyenyekea: hadi mwaka 1986 ilishindwa na magari ya magurudumu mawili, na gari la kwanza la magurudumu manne kushinda lilikuwa Audi, mwaka 1987.

Marehemu alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na miaka 81. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 2003, yalianzishwa mashindano mengine ya Safari, ya magari ya zamani yanayovuta kwa magurudumu mawili, nayo yakapita Kenya na Tanzania kama zamani, yale magari yakiwa yametolewa kwenye vibanda, yakafunguliwa, yakafungwa springi mpya na bamba chini ya injini.