Sayyid Muhammad Abdille Hassan: Maisha Yake na Hatima ya Maneno Yake

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Maisha ya Sayyid Muhammad Abdille Hassan, mwanazuoni, mpiganaji na malenga wa Kisomali, yanamfanya msomaji aitilie shaka methali hiyo. Ni watu wachache katika Pembe ya Afrika ambao wamesemewa mengi kama yeye. Wanaopinga ziara za makaburi ya mawalii humtaja kuwa mtangulizi wao. Wafuasi wa tarika humkumbusha kila mmoja kwamba yeye mwenyewe alikuwa mtu wa tarika. Wapigania uhuru wamemfanya baba wa taifa, nao wenye shaka na viongozi wa dini humtoa kuwa mfano wa hatari ya dini inaposhika bunduki. Kila upande una kauli au ubeti wake wa kumnukuu, na aghalabu kauli hizo hazipatani.

Kwa wakazi wa Garissa na Kaskazini Mashariki mwa Kenya, suala hili si la mbali. Wasomali wengi wa Garissa, yaani Abdwak, Abdalla na Aulihan, ni wa ukoo mkuu wa Ogaden, na Sayyid alitoka katika ukoo huohuo, mlango wa Bah Geri. Kumnukuu vibaya huko ni kumsemea jamaa wa nyumbani. Makala haya yanayafuatilia maisha yake huku yakiangalia jinsi maneno yalivyomjenga na jinsi yalivyomwangusha.

Malezi na Elimu

Wanahistoria hawakubaliani kuhusu mwaka wa kuzaliwa kwake. Wapo wanaoutaja 1856 na wapo wanaoutaja 1864. Alizaliwa katika nyanda za malisho za kaskazini, baba yake akiwa wa Ogaden na mama yake wa Dhulbahante. Babu yake, Sheikh Hassan Nur, alikuwa mcha Mungu aliyehamia kwa Wadhulbahante. Kijana huyo alilelewa katika mambo mawili ambayo hayakuwahi kutengana maishani mwake: Kurani, aliyoihifadhi angali mdogo, na ushairi wa wafugaji, ambao kwao vita na amani, ndoa na talaka, vyote hupitia katika beti.

Kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi wa dini wa zama hizo, alisafiri miaka mingi akitafuta elimu kwa masheikh mbalimbali. Mwaka 1894 alikwenda Makka. Huko alikutana na Sheikh Muhammad Salih, mwasisi wa tarika ya Salihia, akajiunga naye na kurejea nyumbani akiwa mwakilishi wake. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa wengi wanaomnukuu leo dhidi ya tarika hulisahau. Alichokipinga ni tawasuli, yaani kuwaomba mawalii waliokufa wawe wapatanishi kati ya mja na Mola wake. Hakuipinga tarika yenyewe. Aliishi na kufa akiwa Msalihia.

Jina la Kupachikwa

Aliporejea Berbera mwaka 1895, bandari hiyo ilikuwa chini ya Waingereza, na Waislamu wake wengi walifuata tarika ya Kadiria. Masimulizi ya Wasomali yanaeleza kuwa ofisa wa forodha alimtaka alipe ushuru, naye akamuuliza ni nani aliyemruhusu yeye kuingia katika nchi hiyo. Ofisa hakuelewa. Mkalimani, kwa hofu au kwa nia ya kumwokoa mzungumzaji, hakuyatafsiri maneno hayo. Alieleza tu kwamba yule ni sheikh mwenye wazimu na asitiliwe maanani.

Hata kama masimulizi hayo yamepambwa njiani, lakabu yenyewe ilibaki. Kwa zaidi ya miaka 20, barua za serikali na magazeti ya London yalimwita sheikh wazimu. Douglas Jardine, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko, aliiweka lakabu hiyo katika jina la kitabu alichokichapisha mwaka 1923. Swali la mantiki kuhusu ushuru na mamlaka liligeuzwa kuwa maradhi ya akili, na aliyeonekana mgonjwa hakuhitaji kujibiwa.

Mjini Berbera mahubiri yake hayakupata wafuasi wengi. Alikemea miraa, tumbaku na ziara za makaburi, na alikasirishwa na kituo cha wamisionari Wakatoliki kilicholea watoto wa Kisomali. Wafanyabiashara na masheikh wa Kadiria walimpinga. Akahamia bara, kwa wajomba zake wa Dhulbahante, ambako alisikilizwa. Kufikia mwaka 1899 alikuwa na jeshi la watu aliowaita Madarwishi, jina lililowaunganisha watu wa koo mbalimbali chini ya bendera moja ya dini.

Vita na Ushairi

Kati ya mwaka 1900 na 1904 Waingereza walimwandama kwa misafara minne ya kijeshi. Katika mapigano ya Gumburu, mwezi wa Aprili 1903, kikosi kizima cha Waingereza kiliangamizwa. Mwezi wa Januari 1904, huko Jidbali, Madarwishi walipata pigo kubwa. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Machi 1905, mkataba wa Illig ulitiwa saini na Waitaliano, naye akapewa eneo la kukaa.

Katika muda huo wote silaha yake nyingine ilikuwa shairi. Kisomali hakikuwa na hati rasmi ya maandishi hadi mwaka 1972, hivyo shairi lilisafiri katika vifua vya mahafidhi. Mkuu wa mahafidhi wake alikuwa Huseen Dhiqle, ambaye naye alikuwa mshairi. Desturi yao ilikuwa na masharti makali: hafidhi hakuruhusiwa kuongeza wala kupunguza, na kabla ya kughani alipaswa kumtaja mtunzi. Aliyejitwalia shairi la mwenzake, au aliyelipotosha, alivunjiwa heshima mbele ya kadamnasi. Shairi la kashfa lililotungwa kambini lingeweza kufika Berbera au Harar na kuchochea vita. Kwa hiyo ilikuwa lazima ijulikane ni nani hasa aliyelitunga.

Hata hivyo, Sayyid mwenyewe hakujizuia kuwasemea wengine. Mwezi wa Agosti 1913 Richard Corfield, kamanda wa kikosi cha ngamia cha Waingereza, aliuawa na Madarwishi huko Dul Madoba. Shairi mashuhuri alilolitunga Sayyid baada ya tukio hilo linamwagiza marehemu, akiwa safarini kuelekea Jahanamu, awasimulie watakaompokea jinsi alivyouawa. Maiti anapewa hotuba ndefu ambayo hakuitoa. Kifasihi ni kazi yenye nguvu kubwa, na katika siasa ilikuwa ushindi wa pili juu ya adui yuleyule.

Barua ya Mwaka 1909

Pigo lililomuumiza kuliko risasi lilitoka Makka. Abdalla Shihri, mtu aliyewahi kuwa mjumbe wake katika mazungumzo na Waitaliano, alimwacha na kugeuka adui. Mwaka 1909 ikafika barua yenye jina la Sheikh Muhammad Salih. Ilimlaumu Sayyid kwa kumwaga damu na kupora mali za Waislamu, na ilimtenga na baraka za tarika. Hakuna jambo ambalo lingeweza kuyatikisa zaidi mamlaka yake. Mwanafunzi aliyedai kuzungumza kwa niaba ya mwalimu sasa alikanwa kwa jina la mwalimu huyohuyo.

Serikali za kikoloni ziliiona faida ya barua hiyo mara moja. Kambini, baadhi ya viongozi wa Madarwishi walikutana kwa siri chini ya mti kuzungumzia kumwondoa madarakani. Njama ikafichuka, wengine wakauawa na mamia wakahama. Mjadala kuhusu waliomchochea sheikh wa Makka kuandika haujaisha. Ni kweli kwamba barua ilikuwa na manufaa kwa maadui. Ni kweli pia kwamba damu iliyotajwa humo ilimwagika, na waathiriwa wengi walikuwa Waislamu wenzake. Anayeitaja barua bila kueleza iliyapitia mazingira gani hupotosha, na anayeikataa ili kuficha mauaji hupotosha vilevile.

Sheikh Uways wa Barawa

Mwaka huohuo wa 1909 Madarwishi walimuua Sheikh Uways bin Muhammad huko Biyoley. Alikuwa mzaliwa wa Barawa, mji ambao wenyeji wake huzungumza Chimiini, lahaja ya Kiswahili. Ndiye aliyeieneza Kadiria hadi Unguja na bara ya Tanganyika. Alitunga mashairi ya kuitetea tawasuli na kuwashambulia Wasalihia. Sayyid naye aliandika kwa Kiarabu risala ya kuwajibu wapinzani wake. Hoja zilianza katika beti na risala, zikaishia kwa kumuua mzee aliyepita umri wa miaka 60.

Mapokeo humnasibisha Sayyid na ubeti wa kufurahia kifo hicho. Ubeti huo umekuwa ukirudiwa na watu wa pande zote mbili, wengine kwa fahari na wengine kwa uchungu, na kila unaporudiwa bila muktadha wake, uhasama wa mwaka 1909 hufufuliwa kati ya watu ambao hawakuwapo.

Miaka ya Mwisho

Waingereza walipojiondoa bara na kubaki pwani mwaka 1910, njaa na mapigano ya koo kwa koo viliua watu wengi mno. Sayyid alijenga ngome za mawe huko Taleh na kuimarisha utawala wake. Mwezi wa Januari 1920 ndege 12 za kivita za Uingereza zilianza kuzishambulia ngome zake, na katika muda wa wiki chache Taleh ikaanguka. Alikimbilia Ogaden akiwa na wafuasi wachache, akafika Imi kwenye mto Shabelle, na huko homa ya mafua ikamuua mwishoni mwa mwaka 1920.

Hitimisho

Baada ya kifo chake mashairi yaliendelea kuishi vifuani hadi Jaamac Cumar Ciise, aliyewatafuta wazee waliokuwa Madarwishi na wazao wao, alipochapisha diwani yake mjini Mogadishu mwaka 1974. Wasomi wa Kiswahili wataukumbuka mfano wa karibu: mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalinusurika kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeyakusanya na kumsaidia W. E. Taylor kuyaandika, hata yakachapishwa mwaka 1940. Katika visa vyote viwili, kinachotenganisha neno la mtunzi na neno la kupachikwa ni mnyororo wa wapokezi unaojulikana kwa majina.

Kwa hiyo katika mjadala wowote wa dini ambamo Sayyid anatajwa, Garissa au kwingineko, swali la kwanza linalostahili kuulizwa ni lile la mahafidhi wa zamani: imepokewa kutoka kwa nani? Akinukuliwa dhidi ya tarika, itajwe kuwa alikuwa Msalihia. Akisifiwa kuwa shujaa wa Waislamu, atajwe Sheikh Uways. Akiitwa mwenye wazimu, akumbukwe mkalimani wa Berbera. Diwani yake ipo, risala zake za Kiarabu zipo, na anayetaka kujua alichokisema hana budi kuanzia huko.