ERNST SACHS, MTU WA KITOVU CHA NYUMA



Wote mnajua mambo yaliyoipata baisikeli ya internat. Siku ile wenzetu wawili walikuwa wanarudi kutoka sokoni, mfuko wa unga wa kilo 50 ukiwa nyuma na mfuko mdogo wa chumvi juu yake. Mumoja alishika usukani, mwingine alisukuma. Waliposhuka mlima wa mwisho, mwenye usukani akapanda, na mbele hajafika mtoni tukasikia mlio: ekseli ya gurudumu la nyuma ilikatika ndani ya kitovu. Gurudumu likalala upande, unga ukamwagika, na mwenzetu akavunjika mkono. Mpaka leo anaandika na mkono wa kushoto.

Tangu siku ile mabishano yamejaa katika vyumba vya kulala. Tununue kitovu cha namna gani? Wengine wanataka kile kinachong'aa, cha bei ndogo. Wengine wanasema tutafute paka kizito, juu uzito njo nguvu. Sisi wa kamati ya karatasi hii tuliona vizuri, mbele ya kutoa franka za watu, tuwaeleze maisha ya mtu mumoja aliyetumia akili yake yote juu ya kitovu cha baisikeli. Jina lake ni Ernst Sachs.

Kwa wale ambao hawajafungua baisikeli hata siku moja: kitovu ni kile kipande cha katikati ya gurudumu. Spoki zote zinatoka kwake, na ekseli inapita ndani yake. Kati ya kitovu na ekseli kuna gololi, vitufe vidogo vya chuma, ili gurudumu lizunguke bila kusagana. Kitovu cha nyuma kina kazi kuliko kile cha mbele, juu kinabeba mzigo na tena kinapokea nguvu ya miguu kwa njia ya mnyororo.

1. Kijana wa mashindano

Ernst Sachs alizaliwa tarehe 22 Novemba 1867 huko Petershausen, mtaa wa mji wa Konstanz, katika Ujerumani ya kusini, kando ya ziwa. Alijifunza kazi ya mekaniki, yaani kazi ya vyuma vidogo vinavyotaka jicho na subira. Baadaye alikaa Frankfurt, na huko akapendezwa na kitu kilichokuwa kipya siku zile: baisikeli. Kwanza ilikuwa ile ya gurudumu moja kubwa mbele. Kisha ikaja ile ya magurudumu mawili sawasawa na mnyororo, ambayo Mwingereza John Kemp Starley alianza kuiuza mwaka 1885. Sachs alipanda zote mbili, na akawa mshindani.

Jambo hili ni la kushika. Sachs hakuanza na karatasi na kalamu. Alianza na miguu yake mwenyewe. Mtu anayeshindana anasikia mara moja kama kitovu kinakaza au kinacheza, sawa vile mama anayetwanga anavyosikia kama mchi umepasuka. Alipokuwa anashuka ku baisikeli yake alijua tayari ni kitu gani kinamwibia nguvu.

2. Mji wa gololi

Mwaka 1894 tunamkuta Sachs katika mji wa Schweinfurt. Mji huu haukuwa mkubwa, lakini ulikuwa na siri moja. Mwaka 1883 fundi mumoja wa pale, Friedrich Fischer, alitengeneza mashine ya kusaga gololi za chuma mpaka ziwe za mviringo kamili na za kipimo kimoja. Fundi mwenzake, Wilhelm Höpflinger, akaiboresha.

Mutauliza: kwa nini kipimo kimoja ni jambo kubwa? Tuwaze watu tisa wanabeba mti mrefu mabegani. Kama mumoja ni mrefu kuliko wengine, mti wote utamlalia yeye peke yake, na wale wanane watatembea bure. Gololi pia ni vile. Ile iliyo kubwa kidogo, hata kwa unene usioonekana na macho, inabeba mzigo wote. Itapasuka ya kwanza, na vipande vyake vitaharibu zingine. Kumbe nguvu ya kitovu haiko kwanza katika unene wa chuma cha nje. Iko katika usawa wa vitu vya ndani.

Sachs alielewa hivi mara moja. Mwaka ule ule 1894 aliandikisha uvumbuzi wake wa kwanza juu ya kitovu cha baisikeli. Alimwoa Betty, binti wa Höpflinger, na kwa hiyo akaingia katika nyumba iliyojua gololi kuliko nyumba nyingi za dunia. Lakini ujuzi bila mali haujengi kiwanda. Kijana mwingine wa mji ule, Karl Fichtel, alikuwa mtu wa biashara na mwenye fedha. Tarehe 1 Agosti 1895 wawili hawa wakaanzisha kazi pamoja, na jina la kampuni likawa Fichtel & Sachs. Fichtel alishika hesabu na uuzaji, Sachs alishika mashine.

3. Kitovu Torpedo

Wakati ule baisikeli nyingi zilikuwa na shida ambayo sisi leo hatuijui tena. Meno ya nyuma yalifungwa kabisa na gurudumu. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, ukitaka usitake. Kwenye mteremko pedali zilikimbia kuliko miguu, na mpandaji alipaswa kuinua miguu hewani na kuomba afike chini mzima. Kusimama pia kulikuwa shida, juu breki za siku zile zilikuwa dhaifu.

Watu wengine Uingereza na Marekani walishaanza kutengeneza vitovu vinavyoacha gurudumu lizunguke peke yake, na hata vyenye breki ndani. Hatuwezi basi kusema Sachs alikuwa wa kwanza. Lakini yeye naye alijaribu, akakosa, akaanza tena, miaka mingi. Mwaka 1903 akatoa kitovu alichokiita Torpedo, na hiki njo kilimfanya ajulikane mbali.

Tueleze namna kinavyofanya, maana wenzetu wa klasi ya mekaniki watafurahi. Ukisukuma pedali mbele, vigogo vidogo vya chuma vilivyo ndani vinapanda kwenye mteremko wao mdogo na kukaza ukuta wa kitovu; gurudumu linavutwa. Ukiacha kusukuma, vigogo vinarudi chini, vinaachilia, na gurudumu linaendelea peke yake huku miguu yako imetulia. Ukisukuma pedali nyuma, koni inaingia na kupanua kipande cha chuma mpaka kisagane na ukuta wa ndani; hiyo ni breki. Nje kuna mkono mdogo wa chuma unaofungwa ku mwili wa baisikeli ili ekseli isijizungushe wakati wa kufunga breki. Vitu vitatu, yaani kuvuta, kuachilia na kusimamisha, viko ndani ya kopo moja lenye mafuta mazito, na mvua na matope vinabaki nje.

Watu walikipenda Torpedo juu kilidumu. Mwenye kazi ya posta, mkulima na mtoto wa shule waliweza kukitumia miaka mingi kwa kukipa mafuta tu na kukikaza vizuri. Kiwanda kikakua, wafanyakazi wakawa maelfu, na vitovu vya Schweinfurt vikauzwa katika inchi nyingi.

4. Miaka ya mwisho

Fichtel alikufa mwaka 1911, na mzigo wa uongozi ukamlalia Sachs. Alipita vita ya 1914 mpaka 1918, na njaa ya fedha iliyofuata. Mwaka 1929, wakati viwanda vya gololi vya Ujerumani vilipounganishwa chini ya kampuni ya Sweden SKF, Sachs aliuza sehemu yake ya gololi. Vitovu hakuviacha. Fedha na nguvu zingine akaziweka katika kazi mpya, ile ya injini ndogo za pikipiki.

Alikufa Schweinfurt tarehe 2 Julai 1932, akiwa na miaka 64. Kwa mali yake mji ulijengewa nyumba ya kuogelea kwa watu wote, iliyofunguliwa mwaka 1933. Tangu 2009 nyumba ile ni makumbusho ya sanaa. Gololi za mji ule zilikuja kuwa kitu cha vita: mwaka 1943, tarehe 17 Agosti na tarehe 14 Oktoba, ndege za Marekani zilikwenda kuvipiga mabomu viwanda vyake, maana bila gololi hakuna gari wala ndege inayotembea. Kazi ya vitovu vya baisikeli ya kampuni ya Sachs ilinunuliwa mwaka 1997 na SRAM ya Marekani.

5. Na sisi je?

Sasa turudi ku baisikeli yetu. Tulikifungua kitovu kilichokatika, mbele ya mwalimu wa fizike. Tuliona nini? Mafuta hakuna, vumbi jekundu tu. Koni zilikuwa na vishimo sawa uso wa mwenye ndui. Upande wa kuume gololi mbili zilikuwa vipande. Gurudumu lilikuwa linacheza miezi mingi, na ekseli ilikuwa inapindwa kidogo kidogo mpaka ikachoka. Tangu baisikeli ile ifike, hakuna mtu kati yetu aliyekifungua kitovu. Tuliitumia wote, hakuna aliyeitunza. Haya tunayaandika kwa haya, juu mwenzetu aliyevunjika mkono hakuwa na kosa kuliko sisi.

Kwa kununua kingine, maisha ya Sachs yanatupa mashauri haya:

Kwanza, tusiangalie mng'ao. Tuombe mwuzaji akifungue. Koni na vikombe viwe laini sawa kioo, bila mkwaruzo. Vitovu vingi vya kawaida vya nyuma vinatumia gololi 9 za robo inchi kila upande. Tuzihesabu, na zote ziwe za kipimo kimoja. Tukizungusha ekseli kwa vidole, izunguke bila kukwama na bila kucheza.

Pili, ekseli iwe nzima, isiwe na tundu katikati, na iwe ya chuma kigumu. Ekseli inakatika mara nyingi upande wa meno, juu pale sehemu ndefu inabaki bila kushikwa na gololi. Meno yakiwa mengi, sehemu ile inakuwa ndefu zaidi. Kwa mizigo yetu meno ya duara moja yanatosha.

Tatu, tuhesabu matundu ya spoki ya rimu yetu. Yako 36. Kitovu cha matundu 40 ni kizuri kwa mzigo, lakini hakiingiliani na rimu hii. Tukikitaka, tutalipa rimu pia. Tupime pia kwa rula nafasi kati ya mikono miwili ya nyuma ya baisikeli, hapo kitovu kinapoingia. Kitovu chenye nguvu kisichoenea kinapinda mwili wa baisikeli, na hapo tunaanza taabu nyingine.

Nne, wale wanaotaka kitovu chenye breki ndani wasikie vizuri. Ni kitu imara, na kwa njia tambarare kinafaa sana. Lakini breki ile inafanya moto. Kwenye mteremko mrefu kama wa kwetu, na kilo 50 nyuma, mafuta yanaweza kuungua na breki ikapungua. Tena mnyororo ukikatika au ukitoka, breki ya miguu hakuna. Kwa hiyo tukikichukua, breki ya mkono ya mbele isitolewe hata kidogo, na kwenye mlima wa mto mtu ashuke, atembee kando ya baisikeli.

Tano, kitovu chochote tutakachonunua kifunguliwe, kioshwe na kupakwa mafuta mapya mara moja kila baada ya miezi mitatu, na mara moja zaidi mvua zikimalizika. Tunaomba daftari litundikwe ku mlango wa depo, na kila anayefanya kazi hii aandike jina lake na tarehe.

Kamati ya internat itakutana Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kitovu kile cha zamani, na ekseli yake iliyokatika, tutaviweka mezani. Kila mtu mbele ya kutoa shauri avishike kwa mkono wake na kuangalia ndani.